Pauni 142 zangu za 2012 na kura ya kiongozi wa Labour: nimpe nani namba 1?

Mwana_wa_Kisauni | Jumamosi, 22 Agosti 2015

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karatasi ya kura ya kumchagua kiongozi wa Labour, chama cha upinzani hapa Uingereza, imenifika tangu Jumanne. Mimi si mwanachama wa chama, lakini niko Unite, na sisi wa vyama vya wafanyakazi tulioandikisha majina tunapiga bure. Nimeibana juu ya friji kwa sumaku, kila nikienda kuchukua maziwa inanitazama. Majina ni manne: Andy Burnham, Yvette Cooper, Jeremy Corbyn, Liz Kendall. Unawapanga 1 mpaka 4, mwisho Septemba 10. Nina swali, ila bila kisa changu hamtaelewa nauliza nini.

Mwaka 2012 sikuwa na kazi. Ghala nililokuwa nikifanyia hapa Midlands lilihama, sisi tukaachwa. Nikawa nasaini kila wiki mbili, JSA (posho ya anayetafuta kazi) pauni 71 kwa wiki. Muda ukapita nikapelekwa Work Programme, yaani serikali inamlipa kontrakta binafsi akutafutie kazi. Kontrakta wangu alinitafutia kazi isiyo na mshahara, katika duka la mitumba la shirika la hisani. Jina la duka sitalitaja. Wale kina mama waliokuwa wakijitolea pale kwa hiari yao walinitendea wema, na mmoja alikuwa akiniletea chai kabla sijaomba.

Kazi yangu ilikuwa nyuma, kwenye stoo isiyo na dirisha. Mifuko myeusi ya plastiki imerundikwa mpaka dari. Unafungua mfuko, unatenga nguo za kuuza, za kupigwa pasi ya mvuke, na zile mbovu zinazouzwa kwa kilo. Shati unalitundika, unalipiga mvuke, kisha unachukua kile kibastola cha kutilia bei unakibana kwenye mshono wa kwapa, uzi wa plastiki unapita na kikaratasi chake. Sindano yake ilinichoma kidole cha shahada siku ya pili, na alama ipo mpaka leo. Saa 30 kwa wiki. Mimi ni mtu wa maghala, nina leseni ya foklifti, nimepanga mizigo miaka 9. Hakuna nilichofundishwa pale ambacho kingenipatia kazi.

Sasa sikilizeni habari ya barua. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema niende, na nisipokwenda posho yangu inaweza kuathirika. Haikusema nitakaa wiki ngapi. Haikusema nikiitwa usaili wa kazi ya mshahara nifanyeje. Wiki ya tatu wakala akanipigia: njoo kesho, ghala, zamu ya usiku. Nikampigia mshauri wangu kule kwa kontrakta, hakupokea, nikaacha ujumbe. Nikaenda usaili. Walikuwa wanataka watu 6, tulifika kama 50, sikuchukuliwa. Siku chache baadaye ikaja barua nyingine: posho imekatwa wiki mbili kwa kutohudhuria bila sababu ya kuridhisha. Pauni 142.

Mita yangu ya umeme ilikuwa ya kulipia kabla. Ilikatika Jumapili usiku, nikalala na jaketi na soksi mbili mbili, na hiyo ni Julai. Jirani yangu Msomali akaligundua giza langu. Kila magharibi mwanawe akawa anabisha hodi na sahani imefunikwa. Sikumwomba na hakuuliza, na Mungu amlipe.

Februari 12, 2013 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu ya kesi ya Cait Reilly, msichana wa Birmingham mwenye shahada ya jiolojia. Alikuwa akijitolea makumbusho, akaambiwa aache akafanye kazi bure katika duka la Poundland. Pamoja naye alikuwako dereva wa lori, Jamieson Wilson, aliyekataa kazi ya bure ya miezi 6. Majaji walisema huo si utumwa kisheria, lakini kanuni za mwaka 2011 hazikutungwa inavyotakiwa, na barua walizopewa watu hazikuwaeleza kinachowakabili. Mimi niliisoma maktaba. Niliirudia mara tatu, kwa sababu ile ilikuwa barua yangu. Nikasema pesa yangu inarudi.

Haikurudi. Mwezi uliofuata waziri Iain Duncan Smith akaleta mswada wa kuzifanya kanuni zile zilizobatilishwa zihesabike kuwa zilikuwa halali tangu mwanzo. Yaani sheria inarudi nyuma kunikuta 2012. Walisema bila hivyo serikali ingelazimika kurudisha kama pauni milioni 130. Machi 19 bunge la Commons likaupitisha hatua zote kwa siku moja. Na Labour? Uongozi wa Ed Miliband, na Liam Byrne aliyesimamia mambo ya posho upande wa upinzani, waliagiza wabunge wao wasipige kura. Zaidi ya 40 walikataa amri wakaupinga. Nilikwenda tena maktaba nikayasoma majina yao moja moja kwa kidole. Corbyn alikuwamo.

Na mwezi uliopita, Julai 20, nikayaona yale yale. Mswada mpya wa kukata posho: kikomo cha posho kwa familia kutoka pauni 26,000 kwa mwaka kwenda 23,000 London na 20,000 kwingine, na ruzuku ya watoto iishie kwa wawili. Kaimu kiongozi Harriet Harman akaagiza wasiupinge mswada wenyewe. Wabunge 48 wakaasi. Katika wagombea hawa wanne, aliyepiga kura ya hapana ni mmoja tu.

Leo nina kazi, ya usiku, ya wakala. Lakini mdogo wangu ninayeishi naye amemaliza miaka yake 2 ya Work Programme bila kazi, na tangu mwezi wa Juni wamempa Community Work Placement, yaani kazi ya lazima isiyo na mshahara: saa 30 kwa wiki, wiki 26. Posho yake pauni 73.10. Gawanyeni wenyewe, ni pauni 2 na peni 44 kwa saa, na kima cha chini cha mshahara nchi hii ni pauni 6.50. Marehemu babu yetu wa Kisauni alikuwa na neno kwa kazi ya namna hii. Aliiita shokoa.

Basi maswali yangu ni mawili. Nimpe nani namba 1? Na huyo nitakayempa, ana uwezo gani hasa wa kumtoa mdogo wangu pale alipo?

---

Mzee_wa_Pangani | Jumamosi, 22 Agosti 2015

Mwanangu, pole sana. Nimekusoma mpaka mwisho, na hiyo habari ya sahani imenigusa.

Niko nchi hii tangu 1996, nakaa Northampton. Nataka ukumbuke jambo ambalo vijana hamkuliona. Njia hii haikuanza na Wahafidhina (Conservative). Mwaka 1998 serikali ya Labour ya Tony Blair ilileta New Deal. Kijana wa miaka 18 hadi 24 akimaliza miezi 6 bila kazi anachaguliwa moja katika manne: ajira yenye ruzuku, masomo, shirika la kujitolea, au kikosi cha mazingira. Kukaa nyumbani na posho halikuwamo. Binti yangu mkubwa alipitia. Tofauti ni kwamba yeye alipata ajira yenye ruzuku, akalipwa mshahara, akafundishwa, na yule mwajiri alimbakisha. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kila mpango wa serikali ni uonevu, maana nimekula matunda ya mmoja.

Lakini mwaka 2009, Labour hiyo hiyo, sheria yake ya posho iliweka majaribio ya kuwafanyisha watu kazi ili wastahili posho. Wahafidhina walipoingia 2010 waliukuta mlango umeshafunguliwa. Ndiyo maana 2013 viongozi wa Labour walikuwa wazito kusema hapana. Walikuwa wanaitazama mbegu yao wenyewe.

Kuhusu shokoa. Kwetu Tanga lipo na neno msaragambo. Barabara ya kijiji imeharibika, baragumu linapigwa, wote mnatoka na majembe, na jumbe naye yumo anachimba, na barabara mtaipita wote. Shokoa ni pale unapochimba wewe na mwingine amekaa kivulini na orodha. Hawa wanamwita mdogo wako kwenye shokoa, kisha wanataka aitikie kama ameitwa msaragambo.

Mimi nitampa Cooper namba 1. Namwona ni mtu wa kazi, anayajua mafaili. Corbyn nitampa 2.

---

Kassim_Slough | Jumapili, 23 Agosti 2015

Kaka wa Kisauni, nakuheshimu, kwa hiyo nitakwambia ninavyoona.

Usipige kura kwa pauni 142. Mei 7, uchaguzi mkuu, sisi Labour tulichapwa. Wahafidhina viti 331, sisi 232. Mimi niligonga milango hapa Slough, na pia nikapanda gari kwenda kusaidia majimbo ya jirani tuliyoshindwa. Unajua nilichoambiwa mlangoni, na siyo na matajiri? Wabeba mizigo kama wewe, madereva wa teksi, wengine Waafrika wenzetu: "Mimi naamka saa kumi alfajiri, kwa nini jirani yangu alipwe akiwa kitandani?" Harman aliyasikia hayo hayo. Unaweza kumlaumu, lakini hakuyazua.

Na kusema haki, 2013 Byrne hakutoka mikono mitupu. Alipata ahadi ya uchunguzi huru wa hizi adhabu, ripoti ikatoka Julai mwaka jana, ikasema zile barua hazieleweki. Ilani yetu ya Mei nayo ilikuwa na ajira ya uhakika kwa vijana waliokaa mwaka bila kazi, ya kulipwa kima cha chini. Hiyo ndiyo dawa ya mdogo wako, kazi yenye mshahara. Lakini ilani ya aliyeshindwa haimlishi mtu.

Halafu katika hesabu yako umesahau kodi ya nyumba. Serikali inailipa pia, kwa hiyo siyo pauni 2 na peni 44.

Burnham amesema mswada wa Julai usipobadilishwa ataupinga. Anaweza kuongea na watu wa kaskazini tuliowapoteza. Namba 1 Burnham. Corbyn ni mtu mwema, ila aliingia kwenye kinyang'anyiro kwa sahihi 36 za wabunge, zilizokamilika dakika za mwisho, na baadhi ya waliotia sahihi walisema wazi hawamtaki ashinde. Ataongozaje watu hao?

---

Mwana_wa_Kisauni | Jumapili, 23 Agosti 2015

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Hilo la jumbe na jembe nimemsomea mdogo wangu, akaniomba nilirudie.

Kassim, nimekaa na maneno yako mchana kutwa. Kwenye kodi ya nyumba umesema kweli kwa hesabu. Lakini ile kodi alikuwa akilipiwa kabla ya kupelekwa kule, na angelipiwa hata wasingempeleka. Saa 30 zimeongezeka, pesa haijaongezeka hata peni. Wiki 26 ni saa 780. Kwa kima cha chini ni pauni 5,070, yeye atapewa pauni 1,900. Kuna mtu anazipata hizo saa, na huyo mtu kama ana kazi ya kufanywa basi amwajiri.

Na yule anayeamka saa kumi alfajiri, Kassim, mimi ndiye. Hasira yake naijua. Kwenye zamu yetu tulikuwa 14, mwaka huu tuko 11, na wale 3 hawakuajiriwa wengine. Kila mahali mtu wa bure anapoingia, mtu wa mshahara anakosa nafasi. Ungemwambia hivyo pale mlangoni angekuelewa, kwa sababu ni tumbo lake. Kiongozi wetu hakumwambia. Alimwachia Duncan Smith amweleze peke yake.

Unasema nisipige kura kwa pauni 142. Siyo pesa. Siku ile ya Machi mahakama ilikuwa imesema mimi nilidhulumiwa, kwa maandishi, na serikali ikafuta maandishi. Nilihitaji mtu asimame kwenye lile jengo aseme hapana, hata akishindwa. Kura wangeshindwa, hesabu naijua. Lakini mtu akinyang'anywa mbele yako nawe ukageuza uso kwa sababu wanyang'anyi ni wengi, yule mtu hatakumbuka idadi yao. Atakumbuka shingo yako.

Burnham nimemwekea 2, kwa heshima yako na kwa kuwa amesema ataupinga. Namba 1 ni Corbyn. Swali langu la pili bado halijajibiwa.

---

Salma_EastHam | Jumatatu, 24 Agosti 2015

Kaka, nafanya kazi kituo cha ushauri, haya mambo ya posho ndiyo mkate wangu, kwa hiyo nitajibu lile la pili.

Kiongozi mpya wa upinzani, awe nani, hawezi kumtoa mdogo wako pale. Serikali ina wingi wake mpaka 2020. Anachoweza ni kuamua mnadhimu wake aagize nini siku ya kura, na hilo umeliona mara mbili lina uzito. Mswada wa Julai haujaisha, utarudi bungeni baada ya Septemba 12, siku atakayotangazwa kiongozi mpya. Kwa hiyo kura yako ina kazi ya karibu kabisa.

Mdogo wako asisubiri kiongozi. Mwambie leo hii ashike daftari. Aandike kila siku ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, amefanya nini. Nauli anatakiwa arudishiwe, atunze tiketi. Akiitwa usaili, aende, lakini asiache ujumbe wa simu kama wewe. Atume baruapepe kabla, na akirudi apeleke karatasi ya yule mwajiri. Akikatiwa posho mara ya kwanza ni wiki 4, mara ya pili 13, sio 2 kama zamani zako. Ana mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, na wakikataa ndipo anakwenda barazani, yaani baraza la rufaa. Wengi wanaofika barazani wakiwa na maandishi huwa nawaona wakirudi wanatabasamu. Na Unite wanapokea watu wasio na kazi kwenye tawi la jamii kwa peni 50 kwa wiki, ajiunge, asikae peke yake.

Sasa wewe. Kuna jambo hukulitaja na limenikosesha usingizi. Mahakama ya Juu kabisa, Oktoba 30, 2013, ilikubali kwamba kanuni zile zilikuwa batili. Kisha Julai 2014 Mahakama Kuu ikasema ile sheria ya Machi 2013, kwa watu waliokuwa tayari wamekata rufaa, iliwanyima haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Tamko hilo halifuti sheria na halitoi pesa, na serikali imekata rufaa, bado tunangoja. Lakini linawahusu waliokata rufaa kabla. Je, ulipokatiwa 2012 ulikata rufaa?

---

Mwana_wa_Kisauni | Jumatatu, 24 Agosti 2015

Dada Salma, nimesoma ujumbe wako nikiwa mapumziko, saa nane za usiku, nikashindwa kumaliza chapati yangu.

Nilikata. Agosti 2012 niliandika barua kwa mkono pale pale maktaba, kurasa mbili, nikaeleza habari ya usaili na ule ujumbe wa simu. Wakanijibu kwamba wameipokea. Kisha kimya. Sheria ilipopita nikajua imekufa, sikufuatilia tena.

Asubuhi nimerudi zamuni, sikulala. Nimeshusha mkebe wa biskuti ninaotilia karatasi. Nakala ya barua yangu ipo. Jibu lao lipo pia, lina namba ya kumbukumbu na jina langu wamelikosea herufi moja. Barua ya kwanza, ile ya ukurasa mmoja, nayo ipo. Nizilete wapi?

---

Salma_EastHam | Jumanne, 25 Agosti 2015

Usinitumie picha hapa. Futa na ile namba kama umeiandika popote.

Nimekutumia faraghani anwani ya kituo cha ushauri wa sheria kilicho karibu nawe, wanafungua Alhamisi saa nne asubuhi, nenda mapema kwa sababu foleni ni ndefu. Chukua mkebe mzima, usichague karatasi. Bahasha pia, hata zilizochanika, maana mhuri wa posta una tarehe. Na mdogo wako akipewa ruhusa, nenda naye, aje na daftari lake.